Kopo la Rangi Nyekundu

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe tisa mwezi wa nne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa tunaitaja kwa makusudi. Katika nchi hii, ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa na mtu asiye na kibali, mambo yamekuwa yakiharibika tangu enzi za babu zetu, na hatupendi msomaji auchanganye uharibifu huu na mwingine. Saa nne na dakika kumi ndege ilitua, na Mheshimiwa Daktari Pandugila, Waziri wa Mielekeo, akateremka na bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amekwenda ng'ambo kwa semina ya siku mbili, akakaa wiki sita, kwa sababu elimu, alisema, haina haraka.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya mishumaa.

Waziri aliwaeleza waandishi wa habari pale pale uwanjani, kwa upole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Wenzetu waliotangulia, alisema, hawahangaiki na bei kama kuku aliyekatwa kichwa. Kila siku ya soko wanaichorea mshumaa mmoja. Panapoanzia bei ya asubuhi na panapoishia bei ya jioni, katikati hapo panachorwa mwili. Jioni ikiwa juu ya asubuhi, mwili unakuwa wa kijani. Ikiwa chini, mwekundu. Bei ya juu kabisa ya siku hiyo inachorwa utambi unaochomoza kichwani, na ya chini kabisa utambi unaochomoza miguuni. Ukiipanga mishumaa hiyo siku kwa siku, unaona bei inapanda au inashuka. Na ukiwa na jicho lililosoma, unaiona hata siku ambayo bei imechoka na inataka kugeuka.

Zipo ishara. Ipo nyundo, yenye mwili mdogo juu na utambi mrefu chini: ikitokea baada ya bei kushuka sana, maana yake wauzaji walikandamiza mpaka wakaishiwa nguvu, na kesho bei itapanda. Kipo kimondo, ambacho ni nyundo iliyopinduliwa, nacho hutokea kileleni. Na upo mmezo, mshumaa mkubwa mwekundu unaoumeza mzima mzima ule wa kijani wa jana. Ukiuona mmezo kileleni, bei imemaliza ujeuri wake, inashuka.

"Kuanzia leo," alisema Waziri, "taifa hili halitanunua kitu kwa pupa. Tutanunua kwa ishara."

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa sababu walielewa, na wengine kwa sababu polisi walikuwa wanapiga.

*

Saa hiyo hiyo Mzee Lugendo alikuwa juu ya ngazi, anapaka milango ya Hospitali ya Wilaya rangi ya bluu. Alisoma mpaka darasa la nne, akaacha siku mwalimu alipoacha. Kupaka alikujua. Mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko sheria za nchi.

Mkewe, Bi Stamili, alikaa getini mwa hospitali hiyo hiyo na kikaango cha vitumbua. Alikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na moja ule, akiishi kwa sindano moja asubuhi na moja jioni. Yaani aliwauzia watu kitu asichoruhusiwa kukionja, akajua kimeiva kwa kuyasikiliza mafuta. Sindano zake zilitoka kwenye friji ya hospitali. Friji ilijazwa kila mwezi bila hotuba wala ngoma. Tusiilaumu serikali ya wakati ule. Haikuwa imefunguka macho kuhusu mielekeo.

Haikupita wiki tatu, ukashuka Waraka Namba Moja. Kila kitu kinachonunuliwa kwa fedha ya umma kilipewa ukuta wake. Mahindi yalipewa ukuta wa ghala, mafuta ya taa yakapewa ukuta wa kituo cha polisi, na sindano za sukari zikapewa ukuta mrefu wa hospitali unaotazama geti, uso kwa uso na kikaango cha Bi Stamili. Waraka ukaamuru: taasisi yoyote ya umma isinunue kitu ambacho bei yake inapanda, hata kikihitajika namna gani, mpaka ukuta utoe ishara ya mgeuko, ishara hiyo ithibitishwe na mshumaa wa siku inayofuata, kisha Msomaji wa Mishumaa wa Wilaya aigongee muhuri.

Iliundwa pia kamati ya majina. Ilikaa hoteli ya ziwani siku kumi na nne, ikagundua kwamba baadhi ya majina ya mishumaa yana harufu mbaya. Kulikuwa na ishara iliyoitwa Kunguru Watatu Weusi. Ikaitwa Njiwa Watatu wa Amani. Kulikuwa na nyingine iliyoitwa Mtu Aliyenyongwa. Hiyo ilijadiliwa siku nne peke yake, kwa kuwa mjumbe mmoja alitoka Idara ya Magereza, na mwishowe ikaitwa Raia Aliyepumzika.

Mzee Lugendo akaajiriwa kuwa Mpaka Mishumaa, Daraja la Mwisho. Alipewa ngazi, brashi mbili na makopo mawili ya rangi. Kopo la kijani lilikuja wazi. Kopo jekundu lilikuja limefungwa kwa lakiri, limebandikwa karatasi: LISIFUNGULIWE PASIPO MGEUKO.

Alifurahi, usiseme hakufurahi. Siku ya kwanza alimwambia mkewe kwamba sasa serikali imemwona.

"Ikuone wewe?" Bi Stamili akamjibu, anageuza kitumbua. "Imeona ngazi."

*

Kazi ilikwenda hivi. Kila siku saa kumi na moja jioni alifika Afisa Tindwa, Msomaji wa Mishumaa wa Wilaya, kijana mwenye cheti cha mafunzo ya siku tatu. Cheti alikitia kwenye fremu, akatembea nacho ndani ya mkoba asije akaulizwa. Alipiga simu mahali, akasikiliza, akaandika namba nne kwenye daftari: bei ya kufungua, ya kufunga, ya juu, ya chini. Akamsomea Lugendo. Lugendo akapanda ngazi akapaka.

Kijani. Kesho yake kijani, juu zaidi. Kesho kutwa kijani tena. Wiki ya tatu ukuta ulikuwa kama bustani ya mchicha, na Tindwa alisimama chini na rula, kichwa upande, akitikisa mguu.

"Mwelekeo una afya," alisema.

Wenye sukari ndio hawakuwa nayo. Hospitali haikununua, maana bei inapanda. Friji ilibaki inanguruma peke yake, haina kitu ndani ila chupa ya maji ya mlinzi. Sista Agripina, muuguzi wa zamu, alikuwa amefichaficha sindano chache tangu zamani, kwa uzoefu wake wa serikali. Akazigawa kwa wagonjwa wake kama mama anavyogawa kipande cha samaki kwa watoto tisa.

"Mzee wangu, hizi ni zako," alimwambia Lugendo, akimtilia mkononi kwenye gazeti. "Mama apige nusu asubuhi, nusu jioni. Na za wiki ijayo usiniulize, utanifanya niseme uongo."

Dukani mjini zilikuwepo, lakini kwa bei ya ukutani, na mshahara wa Daraja la Mwisho ulikuwa bado unasubiri ishara yake.

Ndipo jioni moja Lugendo, akiwa ngazini, alipouliza jambo ambalo halikuwa kazi yake. Alimuuliza Tindwa simu ile anampigia nani.

Tindwa hakuona ubaya wa kusema. Alikuwa anampigia shemeji wa Waziri, mwenye leseni ya kuingiza sindano nchini. Leseni yenyewe ilikuwa moja. Bei ilifungua shemeji alipoamka, ikafunga alipochoka.

"Na nani ananunua?" Lugendo akauliza.

"Kwa sasa hakuna, mzee. Dukani mtu mmoja mmoja. Serikali ndiyo mnunuzi, na serikali inasubiri ishara."

"Sasa bei inapandaje na hakuna anayenunua?"

Tindwa akatabasamu, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu siku ya cheti. "Hapo ndipo ujue, mzee wangu. Mwelekeo una nguvu sana."

*

Nyumbani alimsimulia mkewe. Bi Stamili alikuwa amekwishaacha kukaanga. Miguu ilimsaliti, na kiu yake ilikuwa haikatiki. Ndoo ya maji ilikaa kitandani upande wa mume. Lakini mdomo ulikuwa mzima.

Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema elimu ya hao watu anaijua tangu yuko tumboni mwa mama yake. Mwenye nyanya anaanza elfu. Wewe unatoa mia tano. Mnavutana, anatukana ukoo wako kidogo, unajifanya unaondoka. Jioni nyanya zinalainika, anakuita mwenyewe. Hapo bei imegeuka, na mwenye macho anaiona tangu saa tisa, kwa namna muuzaji anavyoanza kukung'uta kapu. Huo mshumaa wao unasema kweli kabisa, alisema, mahali penye watu wawili wanaovutana.

"Lakini huyo shemeji, nyanya zake hazilainiki," alisema. "Na mimi mnunuzi nimekatazwa kuvuta. Sasa itageuzwa na nani, baba watoto? Malaika?"

Lugendo akakwangua rangi kwenye kucha zake.

"Umeoa ukuta," mkewe akamalizia. "Mimi nimebaki mke mdogo."

Akacheka, na pumzi yake ikanukia kama ndizi zilizopitiliza kuiva. Harufu ile Sista Agripina alikuwa amemwonya Lugendo kwamba siku akiisikia, aje mbio. Alikwenda mbio. Sista alimpa nusu chupa ya dawa ya sindano, iliyokuwa ya mwisho, akaona haya kumwangalia usoni.

*

Rangi ya kijani ikaisha. Jambo hili lilimtia Tindwa furaha, akaandika barua wizarani kueleza kwamba mwelekeo umemaliza kopo zima. Jibu lilikuja haraka: rangi ya kijani haiwezi kununuliwa kwa sasa, kwa kuwa kutokana na mahitaji ya kuta bei yake inapanda, isubiriwe ishara. Lugendo akaagizwa achanganye bluu iliyobaki kwenye milango na manjano ya kuombaomba kwa fundi wa mabango. Akachanganya. Kopo jekundu lilikuwa limekaa chini ya ngazi na lakiri yake, limejaa mpaka shingoni, halijaguswa.

Alilitazama kopo lile siku nyingi. Mtu maskini akitazama kitu siku nyingi, ama atakiogopa ama atakizoea. Lugendo alikizoea.

Siku ya arobaini ya kijani, Tindwa alikuwa na mwaliko wa harusi. Akapiga simu mapema, akaandika namba zake, akamsomea Lugendo kwa haraka huku akifunga tai: imefungua juu, imefunga juu zaidi. Akaondoka. Wanawe Lugendo walikuwa mbali, nchi jirani, wanachoma matofali. Hakuwa na wa kumuuliza. Getini pale mkewe alipokuwa akikaa palibaki majivu na mafiga matatu.

Alivunja lakiri kwa kisu cha kukwangulia rangi. Akapanda.

Aliupaka vizuri. Alianzia juu kidogo ya kilele cha mshumaa wa jana, akashuka, akaupita, akaenda hadi chini ya miguu yake, upana wa viganja viwili, mwekundu uliokoza kama damu ya kuku. Akautia utambi mfupi juu na mfupi chini, maana alishaona kwamba hata uongo unahitaji utambi. Aliposhuka na kurudi nyuma hatua kumi, ulikuwa ni mmezo ambao wale wa ng'ambo wenyewe wangeuvulia kofia.

Alipomwambia mkewe, Bi Stamili alijaribu kuketi.

"Umenyoosha lakini? Au umepinda kama dirisha la mama yako?"

"Nimenyoosha."

"Basi wameona. Hao hawaoni kitu kilichopinda, wao wenyewe wamepinda."

*

Asubuhi mji mzima ulikuwa mbele ya ukuta. Tindwa alifika na macho ya harusi. Akautazama mmezo. Akafungua mkoba, akatoa daftari, akazitazama namba zake mwenyewe, alizoandika jana kwa mkono wake mwenyewe, zinazosema kijani. Akautazama ukuta. Akalitazama daftari. Lugendo alisimama kando, amekwisha kujiandaa kusema alikosea kopo.

Tindwa akachomoa kalamu, akakata namba za daftari, akaandika za ukutani.

Msomaji asimcheke. Waraka Namba Moja ulikuwa wazi: ishara itasomwa ukutani. Haukusema popote kwamba itasomwa kwenye simu.

Jioni yake alikuja kwa uthibitisho. Hakupiga simu. Alikaa kwenye kiti, akakunja nne, akamwuliza Lugendo kwa heshima, "Mzee, ukuta unasemaje leo?" Lugendo akapaka mwekundu wa pili, na Tindwa akasoma namba kutoka ukutani kwa rula, akaziandika, akagonga muhuri. Shemeji yake Waziri aliposikia kwamba bei yake imeshuka alishangaa sana, lakini naye ni raia mwema, hakubishana na ukuta. Alilipwa fidia ya mgeuko.

Sasa hesabu msomaji. Ishara ipo, uthibitisho upo, muhuri upo. Asubuhi Lugendo alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la dawa, na kadi ya mkewe mkononi.

"Tulia, mzee wangu," Tindwa alimwambia. "Bado haujazinduliwa."

Ulikuwa ni mgeuko wa kwanza wa taifa. Katika kuta zote za nchi, za mahindi, za mafuta ya taa, za saruji, hakuna uliowahi kugeuka. Wizara ikaamua kwamba mgeuko huo usitumike na mtu yeyote mpaka Mheshimiwa aje kuuzindua. Mheshimiwa alikuwa ng'ambo kwa semina ya pili, iliyohusu namna ya kutambua bei isiyogeuka. Angerudi baada ya siku tisa.

*

Siku ya tatu lori la sindano lilifika. Hili ndilo Lugendo hajaweza kulisimulia akiwa amekaa. Lilifika, likaingia getini, likapita mafiga ya mkewe, likaegeshwa uani chini ya jua. Ndani mlikuwa na masanduku ya barafu, na ndani ya masanduku sindano. Walinzi wawili wakalizungushia gari utepe wa rangi za taifa, wakakaa kwenye viti.

Alimwendea Tindwa. Hakupiga kelele, alimwambia kama mtu anavyomwambia jirani kwamba nyumba inaungua. Alisema hataki sanduku, anataka chupa moja, na kama ni utepe, anao mkasi nyumbani.

"Mzee Lugendo," Tindwa akamwambia, na alikuwa na huruma ya kweli, tusimsingizie, "nikikupa wewe kabla ya uzinduzi, mgeuko utakuwa umetumika. Mheshimiwa atazindua kitu kilichotumika?"

Sista Agripina akajaribu. Alikwenda na vazi lake jeupe, akawaeleza walinzi kuwa wako wagonjwa saba. Walinzi wakamwuliza hao saba wameandikwa kwenye ratiba ya sherehe? Hawakuandikwa. Akawaomba basi walau waliondoe gari juani, kwa sababu barafu ikiyeyuka dawa inaharibika. Wakamjibu kwamba limewekwa pale ili liwe upande wa kulia wa jukwaa.

Bi Stamili alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Dirisha lilitazama uani. Macho yake yalikuwa yamefifia, hakuweza kuliona lori, na Lugendo hakumwambia kwamba lipo. Siku ya sita, saa nane mchana, kwaya ya wilaya ilikuwa uani inafanya mazoezi ya wimbo wa "Mgeuko Umewadia", inarudia ubeti wa pili kwa kuwa sauti ya nne ilikuwa inachelewa. Mkewe akamshika kidole.

"Ukuta bado mwekundu?"

"Mwekundu, mama."

"Basi ulipaka vizuri," alisema.

Hakusema lingine. Kwaya ilirudia ubeti wa pili mara tatu zaidi, na mara ya tatu sauti ya nne iliwahi.

*

Siku ya tisa Mheshimiwa akaja. Lugendo aliletwa na askari, kwa adabu, kwa sababu itifaki ilitaka aliyeupaka ukuta ashike ngazi. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mkewe. Shati lake lilikuwa na vumbi la makaburini, na Afisa Itifaki alilipangusa kwa leso.

Waziri alizungumza saa mbili. Alisema taifa limeingia kwenye orodha ya mataifa yenye mgeuko. Alisema ng'ambo walimuuliza, ninyi mmewezaje? Naye akawajibu, kwa subira. Kisha akanyoosha kidole juu.

"Walikuwepo waliosema bei hii haitageuka," alisema. "Leo wako wapi?"

Akanyamaza ili watu wacheke, na wakacheka. Lugendo alijua mmoja wao alipo. Alikuwa nyuma ya shamba la muhogo la misheni, safu ya tatu, udongo haujakauka.

Utepe ukakatwa. Sanduku la kwanza likafunguliwa, maji yakamwagika kwenye viatu vya Mheshimiwa, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Sista Agripina akatoa chupa moja, akaishika kiganjani, akaiinua juani akaitazama. Akairudisha sandukuni taratibu, akaondoka bila kumuaga mtu. Makofi yalikuwa makubwa, kwa hiyo hakuna aliyemwona ila Lugendo.

Waziri akataka kumfahamu mchoraji. Lugendo akasogezwa mbele ya kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "mgeuko huu nimeupaka mimi."

"Naam! Na mkono wako umebarikiwa."

"Nimeupaka kwa uongo. Bei ilikuwa inapanda. Na hii leo inapanda."

Maji ya sandukuni yaliendelea kudondoka. Waziri akamgeukia Tindwa. Tindwa akafungua mkoba, akatoa cheti kwanza, halafu daftari. Namba za daftari zikalinganishwa na ukuta, mbele ya mashahidi, kwa rula. Zilikubaliana mpaka upana wa unywele. Ikaonekana dhahiri kwamba mzee huyu, kwa uchungu wa msiba, alikuwa anajaribu kujimilikisha mgeuko wa taifa, kosa ambalo adhabu yake ni miaka kumi na miwili. Waziri akamsamehe hapo hapo, kwa huruma yake. Akaamuru apewe cheti na kopo jipya la rangi ya kijani.

Lugendo akalipokea kopo. Akaliweka chini. Kisha, kabla fundi mitambo hajaambiwa azime kipaza sauti, akauliza swali moja.

*

Shemeji yake Waziri alipandisha bei kesho yake. Ukutani imo, kwa rangi ya kopo jipya. Mpaka rangi mwingine ndiye anayepaka, na mistari yake imepinda. Tindwa amepandishwa cheo, yuko mkoani, ana kuta ishirini na mbili. Mmezo wa Lugendo umewekewa kioo na uzio, wanafunzi wanaletwa kuuona kwa foleni. Lugendo mwenyewe hukaa getini, kwenye mafiga yale. Hakaangi kitu. Askari wamejaribu kumwondoa, lakini hakuna waraka unaokataza kukaa.

Swali lake nalo halikupuuzwa. Serikali yetu haipuuzi mtu. Iliundwa tume ya watu kumi na mmoja, na imekwishakaa mara kumi na nne kwenye hoteli ya ziwani. Wajumbe watatu walitaka lijibiwe. Wanne walitaka kwanza lichorwe, ili ionekane linaelekea wapi. Waliobaki waliomba muda, na muda wakapewa, na ukiisha wanaongezewa. Kwenye kumbukumbu za tume swali lenyewe limo ajenda ya saba, baada ya chai na kabla ya mengineyo, limeandikwa kama mzee alivyolitamka:

"Mheshimiwa, ukuta umesema uongo siku mbili tu, mkausikia. Mke wangu alisema kweli karibu siku hamsini, hapo hapo getini mnapopita. Yeye mlitaka aseme kwa rangi gani?"